Vidole Vitatu Pajani

Mitambo ya chumba kile nawaachia wenyewe. Niliyemtazama mimi ni muuguzi, mama wa makamo, siku baba mkubwa alipochunguzwa moyo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake Sumbawanga. Mrija uliopitishwa mpaka moyoni ulipochomolewa pajani, mama yule aliweka vidole vitatu, tena si kwenye tundu la ngozi kama ambavyo ningefanya mimi, bali juu yake kidogo, kuelekea kitovuni. Sindano huingia kwa mshazari, kwa hiyo tundu la mshipa liko juu ya lile tunaloliona. Akakandamiza. Mkono wa pili ukashuka mguuni kutafuta mapigo, maana anayebana mpaka damu isifike unyayoni ameharibu kazi. Akakaa hivyo dakika 20, asiinue vidole hata mara moja kuchungulia.

“Baba, mahindi ya Ufipa mwaka huu yakoje?” akauliza. Mzee akasahau hofu, akaeleza mpaka bei ya mbolea.

Wafipa wa kale, wa huko kwake mzee, waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru ndefu kuliko mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Fundi aliwasha, akangoja. Hakubomoa ukuta aone kama kumeiva. Mama yule wangemkubali.

Siku hizi kuna vizibo vya tundu la mshipa. Tangu Seldinger wa Uswidi aonyeshe mwaka 1953 namna ya kupitisha mrija juu ya waya, tundu lilizibwa kwa mkono, mpaka miaka ya 1990 vikaja vifaa: kimoja hushona mshipa, kingine huacha kipande cha kolajeni ya ng’ombe ambacho mwili hukimaliza wenyewe kwa miezi michache. Ni werevu, sikatai. Mgonjwa huinuka mapema.

Ila tazama tunavyotolewa damu maabara. Pamba, “kunja mkono”, haya mwingine! Kiwiko kikikunjwa damu huvilia chini ya ngozi. Kunyoosha mkono na kubana dakika chache kungetosha. Nani ana dakika hizo?

Kizibo nacho hushindwa mara nyingine, na hapo huitwa vidole. Vya nani? Mama yule alikuwa amekaribia kustaafu, na muda wote ule aliobana, vijana wa mafunzo walipita mlangoni na simu zao, wala hakuna aliyeambiwa aingie aweke mkono wake chini ya ule wa mama.