Lugha ya Pakiti ya Biskuti: Tafsiri ya Istilahi za Lishe

Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yanayosomwa na watu wengi kuliko vitabu vyetu ni yale yaliyochapwa juu ya pakiti za vyakula. Mzazi huyatazama dukani kabla ya kulipa, mwanafunzi huyasoma akitafuna, na mgonjwa wa kisukari huyasoma kwa kuwa daktari amemwagiza. Kwa hiyo tumeona inafaa tuyapime kwa kipimo kile kile tunachopimia tafsiri za sheria na za vitabu vya shule. Tumechagua pakiti ya biskuti, na hasa kile kijisanduku cha nyuma kinachotaja virutubisho. Hatumtaji mtengenezaji ye yote, maana kasoro tunazozieleza tumezikuta katika pakiti zaidi ya moja. Tena yatupasa kwanza kuwashukuru wote waliokubali kuandika Kiswahili hapo.

Tuchukue mfano wa biskuti ambazo katika kila gramu 100 zina kabohaidreti gramu 70, mafuta gramu 16 na protini gramu 7. Kwa kanuni iliyotokana na kazi ya mkemia wa Kimarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, gramu 1 ya kabohaidreti au ya protini huhesabiwa kilokalori 4, na gramu 1 ya mafuta kilokalori 9. Basi tunapata 280, na 144, na 28, jumla 452. Gramu 100 za mkate mweupe hutoa takriban kilokalori 260, na za ndizi mbivu takriban 90. Tofauti hiyo yatokana hasa na ukavu wa biskuti na mafuta yake, kwani maji hayana kilokalori hata moja. Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa shule ya msingi, ila kwa sharti kwamba maneno yaliyo kando ya tarakimu yasimpoteze.

Neno la kwanza linalopoteza ni *nguvu*. Baadhi ya pakiti huandika “Nguvu: 452”, na mbele yake hutangaza kwamba biskuti hizo zina “nguvu nyingi”. Tunajua asili ya matumizi haya: shuleni tulifundishwa vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Lakini katika Kiswahili cha kila siku nguvu ni sifa njema; mwenye nguvu ni mzima, tena ana siha. Mama mwenye mtoto dhaifu akisoma maneno hayo atadhani amepata dawa, na kumbe tarakimu 452 haimwambii lo lote juu ya vitamini wala madini, na protini iliyomo ni gramu 7 tu. Neno lifaalo ni *nishati*. Wako wanaolipinga kwa hoja kwamba msomaji atafikiria umeme na petroli. Sisi twaona fikira hiyo haina madhara, maana chakula ni kuni za mwili, na kuni zikizidi hazimfanyi mtu kuwa na afya zaidi. Zaidi ya hayo, nishati ndilo neno analolikuta mwanafunzi katika somo la fizikia.

Neno la pili ni *kalori*. Kwa asili, kalori moja ni joto linalotosha kupandisha gramu 1 ya maji kwa digrii 1 ya Selsiasi, na kilokalori ni kalori 1,000. Katika mazungumzo watu hukata neno na kusema kalori, wakikusudia kilokalori. Mazoea hayo hatuyakatazi mezani. Lakini tumeona pakiti ambayo upande wa Kiingereza imeandikwa kcal 452, na upande wa Kiswahili “kalori 452”. Hapo tafsiri imepunguza kipimo mara elfu moja, na mwalimu wa sayansi atakayeitumia pakiti hiyo darasani atalazimika kuwaeleza wanafunzi kwamba Kiswahili kimekosea. Chapa ya maandishi na iseme *kilokalori*. Na pale inapotajwa pia *kilojuli*, yaani takriban 1,900 katika mfano wetu, msomaji aelezwe kwamba ni kiasi kile kile kwa kipimo kingine, kama umbali unavyotajwa kwa maili na kwa kilomita.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyotusumbua zaidi. Pakiti huandika: “Wanga gramu 70, ambayo sukari gramu 22.” Wanga, kwa mzungumzaji wa kawaida, ni ule unga mweupe unaotuama chini ya maji ya muhogo uliokunwa. Sukari kwake ni kitu kingine kabisa. Basi akiyasoma maneno haya yaliyofuata muundo wa Kiingereza neno kwa neno, ataihesabu sukari nje ya zile 70. Na ajumlishe: 70, na 22, na 16, na 7, atapata gramu 115 ndani ya gramu 100! Mgonjwa wa kisukari naye yumkini akazitazama 22 peke yake na kuziacha zile 48 zilizobaki, hali wanga nao humeng’enywa mwilini ukawa glukosi. Twapendekeza *kabohaidreti* liwe jina la jumla, na *wanga* libaki na maana yake ya asili. Pakiti iandike: “Kabohaidreti gramu 70, kati ya hizo, sukari gramu 22.” Maneno matatu ya Kiswahili cha kawaida, *kati ya hizo*, yanatosha kuiondoa hatari hiyo.

La mwisho ni *huduma*. Tumesoma “kwa huduma moja: kilokalori 113”. Huduma hutolewa hospitalini na maofisini. Biskuti haina huduma. Wengine wameandika “kwa mlo mmoja”, ingawa biskuti ni kitafunio, si mlo. Pakiti ya gramu 50 ikiwa na biskuti 10, na kiasi kilichokusudiwa kikiwa biskuti 5, basi anayeimaliza pakiti amekula kilokalori 226, hali anaamini amekula 113. Tungependa iandikwe waziwazi: “Kiasi cha mara moja, biskuti 5 (gramu 25)”. Idadi ya biskuti mlaji aweza kuihesabu kwa vidole; gramu hana mizani ya kuzipimia.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo madogo. Kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ilionyesha nchini Tanzania kwamba mambo ya lishe huelezeka kwa Kiswahili redioni na katika vikundi vya kujisomea. Kwa hiyo upungufu hauko katika lugha. Uko katika desturi ya kumkabidhi mfasiri orodha ya maneno pasipo kumwonyesha tarakimu zake. Tunawaomba wafasiri wadai wapewe jedwali zima, wajumlishe wenyewe, na wakipata 115 kati ya 100 wairudishe kazi kabla haijapelekwa kiwandani. Walimu nao wazilete pakiti tupu darasani, na maofisa wanaoidhinisha lebo wazisome kama atakavyozisoma mgonjwa. Wenye maneno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza tunawakaribisha kuyaleta.