Sargon Alikosea Kumnyima Sin-iddina Kiaramu

Ombi la Sin-iddina lilistahili jibu moja tu: ruksa. Mtu huyo wa Uru, kusini mwa Babeli, alitaka kumwandikia Sargon II wa Ashuru kwa Kiaramu, kwenye gombo. Mfalme, aliyetawala mwaka 722 hadi 705 KK, akakataa. Akamwamuru aandike Kiakadi, kwa kikabari, mwandiko wa alama za kabari, juu ya udongo, na akasisitiza kwamba utaratibu huo haubadiliki.

Tazama mzigo aliomtwisha. Alama ya UD ni silabi ut katika neno moja, tam katika jingine, par katika la tatu. Hiyo hiyo yaweza kusomwa neno zima: siku, au nyeupe. Ikitanguliwa na alama ya uungu, inakuwa Shamash, mungu-jua. Alama ya AK nayo husomwa ak, ag au aq bila kuongezwa hata kabari moja. Muktadha ndio unaoamua. Wanaosoma tenzi za kale katika hati za Kiarabu wanaijua adha hii, pale ba moja inapobeba b, p na mb. Kasoro ilianza zamani, Waakadi walipourithi mwandiko wa Wasumeri pamoja na usomaji wake wote, kisha wakaongeza wao juu yake. Zikafika alama 600 hivi. Kiaramu kilikuwa na herufi 22. Ni kweli hakikuandika irabu nyingi, lakini anayekizungumza huzijaza mwenyewe.

Watetezi wa Sargon husema alilinda siri, kwa kuwa wasomaji wa kikabari walikuwa wachache. Hoja hiyo ni dhaifu. Mchongo wa jumba la Tiglath-Pileser III, aliyetawala miaka michache tu kabla yake, unaonyesha makarani wawili bega kwa bega wakiorodhesha nyara: mmoja ana kibao, mwingine ana gombo. Kiaramu kilikuwa kimeshaingia ikulu.



Safu hii haitaacha kuwataja wafanyabiashara wa Ashuru walioishi Kanesh, Anatolia, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Sargon. Walitumia kikabari hicho hicho, lakini wakachagua alama chache, nyingi zikiwa za silabi, kiasi kwamba wengi wao, wanawake wakiwemo, waliweza kuandika barua wenyewe. Zaidi ya vibao 20,000 vimefukuliwa huko. Watu wa mji wa Ugariti walikwenda mbali zaidi: alfabeti ya kikabari yenye alama 30. Hao ndio mafundi.

Wapo wanaojibu kwamba magombo yameoza, na bila udongo barua hii ya Sargon ya kukataa isingetufikia. Sawa, lakini Sargon hakuwa akituwekea sisi kumbukumbu. Alihitaji habari za kusini, eneo aliloligombania na Merodak-Baladani, mfalme wa Babeli, na mtu wake aliyekuwa huko alikuwa amekwisha kumwambia ni kwa njia gani angeziandika kwa wepesi.