Hongera, Watu wa Kidike

Wanakijiji wa Kidike, kisiwani Pemba, wanastahili pongezi za dhati. Popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine kokote duniani, alikaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuwindwa kitoweo na kukatiwa misitu. Wakaamua kumlinda. Leo mgeni hulipa kiingilio, akaongozwa na mwenyeji kwa miguu hadi chini ya miti mirefu. Huko popo wananing'inia kichwa chini, wamejigubika mbawa kama buibui, manyoya yao ya rangi ya kutu. Mbawa zikikunjuliwa hufika mita moja na nusu. Fedha ya kiingilio huwafaa wenyeji, nami naona ndivyo utalii unavyopaswa kuwa. Msomaji, ukienda, vaa kwa staha, zungumza taratibu, wala usiwarushie popo mawe ili waruke.