Fani na Maudhui ya Kisanduku cha Chakula

Anayetaka kuhakiki kisanduku cha chakula cha mtoto wa chekechea kinachosifiwa kutunza mazingira aanzie kwenye bawaba. Kuta na kitako huchakaa taratibu, lakini bawaba ya plastiki inakunjwa na kukunjuliwa kila siku na vidole visivyo na subira, nayo ndiyo inayokatika kwanza. Ikikatika, kifuniko hakikai tena, na kisanduku kizima kinatupwa kikiwa bado kizima. Sifa ya kutunza mazingira huishi au hufia hapo, kwenye viungo.

Watengenezaji wengi wanapendelea tuitafute sifa hiyo kwenye ngozi ya kisanduku. Chukua vile vya rangi ya mchanga, vyenye vitone vya nyuzi na jani la kijani ubavuni, vinavyosemwa ni vya mianzi. Vingi ni unga wa mianzi ulioshikamanishwa kwa gundi ya melamini. Ukitia chakula cha moto au chenye ukali wa nyanya na ndimu, melamini na fomaldehidi zinaweza kuhamia kwenye chakula. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulianzisha msako wa kuviondoa vyombo hivyo sokoni. Tena haviozi, wala haviyeyushwi vikafinyangwa upya. Ni uongo uliopakwa juu ya chakula cha mtoto, na unanikera.

Stili isiyoshika kutu haina cha kuficha. Ile iitwayo 18/8 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na ikibonyea inaendelea kutumika. Umbo lake kongwe, makopo yanayopandana na kubanwa kwa vishikizo viwili, limebeba chakula cha mchana Mumbai tangu karne ya 19. Hata hivyo lilibuniwa kwa ajili ya mkono wa mtu mzima. Mtoto wa miaka minne akishindwa kukifyatua kishikizo, wali unarudi nyumbani na kumwagwa, na chakula kinachomwagwa ni hasara ileile tuliyotaka kuikwepa. Stili pia hupitisha joto: uji wa moto utamchoma, na pilau itapoa kabla ya kengele.

Kuna suala la vyumba. Mpangilio wa vyumba vitano vidogo umekusudiwa vipande vikavu: biskuti, jibini, zabibu. Wali na maharage unadai chumba kimoja kipana, na pembeni kimoja cha embe, na ukuta wa kati ufike mpaka kwenye mpira wa kifuniko. Ukiishia chini hata kidogo, mchuzi unavuka kabla basi la shule halijafika.

Kama kabatini kuna kopo la plastiki lenye pembetatu na namba 5 chini, yaani polipropilini, na bado ni zima, hilo linashinda chochote kipya. Lisipokuwepo, ningechagua stili ya umbo la duaradufu, isiyo na bawaba, yenye vyumba viwili, kisha nimpe mtoto mwenyewe aifungue palepale dukani.

Ung'oe na mpira wa kifuniko kabla hujalipa. Usiong'oka hauoshwi chini yake, utaanza kunuka maharage ya juzi, na hauwezi kubadilishwa. Kisanduku cha namna hiyo mimi sikinunui, hata kiwe cha stili tupu.