Sisi Tungojao Nyimbo

Mngoja albamu ni kama mngoja mgeni. Hufagia ua, hutandika mkeka, na kabla hodi haijapigwa amekwisha kuzungumza naye moyoni mazungumzo mazima, maswali na majibu. Ndivyo nilivyokuwa mwaka 2020, ilipoarifiwa kwamba Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, anatoa albamu yake, Siti of Unguja. Nilikuwa mpenzi wa sauti yake, nikazihesabu siku.

Ama kosa langu lilikuwa katika kungoja kwenyewe, kwani niliyekuwa nikimngoja hakuwa yeye. Nilimngoja yule muuza vyungu wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, akafariki mwaka 1950, miaka mingi kabla sijazaliwa. Nilitaka kitukuu aniletee sauti ileile, ila bila ya mikwaruzo ya santuri kuukuu.

Kazi yangu ya kufasiri ilipasa kunionya mapema. Anayefungua tafsiri huku asili imemjaa kichwani, kila mstari humpunguzia kitu, wala hasikii anachopewa. Nami niliposikiliza mara ya kwanza, nilihesabu yaliyopungua. Mwenendo ni wa taratibu, na pembeni mwa ala zetu alizozisimamia Mohamed Issa Matona mna sauti nzito za upepo na besi zisizokuwa za taarabu ya wazee. Mtayarishaji, Sam Jones wa Uingereza, aliacha nafasi kubwa baina ya kauli na kauli. Nikasema: hii siyo.

Baada ya siku kadhaa nilisikiliza tena usiku, sidai kitu. Hapo nilitambua kazi ya ile nafasi. Mwimbaji hakimbizwi na ala. Neno hutoka, likakaa, msikilizaji akapata wasaa wa kulipima. Siti Muharam hashindani na mzee wake. Anayasoma maneno yake kama msomaji mwema asomavyo utenzi wa kale: kwa adabu, lakini kwa pumzi zake mwenyewe. Naiona kuwa albamu nzuri, na uzuri wake umo hasa katika yale yaliyonichukiza mwanzo.

Lakini limebaki jambo moja linalonisumbua, na halimhusu mwimbaji. Uutazame, msomaji, wimbo wa Kijiti, ambao Siti binti Saad aliuimba na Bi Kidude akaurithi. Ulipoimbwa mara ya kwanza haukuwa turathi, ulikuwa habari. Mwanamke mgeni aliuawa, mtuhumiwa akatoroka, mji ukanung'unikia hukumu, na wimbo ukayasema hayo mbele ya watu waliojua nani ni nani. Siti hakuwa peke yake: walikuwapo akina Maalim Shaaban, Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam, waliokutana, wakazungumza ya mjini na kuyatia katika beti. Aliyewapenda, alipoingoja santuri mpya, alingoja kusikia mji wake umesema nini safari hii.

Sisi leo tunangoja nini? Tunangoja ya jana yaimbwe vizuri zaidi. Na anayeambiwa kuwa hana jipya ni mwimbaji, ilhali maneno ni amana yetu sisi tunaojiita washairi. Nakiri langu: zaidi ya miaka thelathini natunga, vina vimenyooka, mizani haikupungua, na sijampelekea mwimbaji hata mmoja ubeti wa kuimba. Tungo zangu nimezitunga kwa jicho. Nimezisoma kwa wenzangu wachache, tukasifiana, tukazirudisha katika mtoto wa meza. Na humu mjini hayakukosekana ya kutungiwa. Mahakama zipo, mapenzi yapo, na wanyonge wanaolia kimyakimya wapo.

Kwa hivyo nitaendelea kuwa mngoja, maana mapenzi ya sauti ile hayajanitoka. Ila safari hii sitaki kukaa juu ya mkeka mikono mitupu. Mgeni naye huja na njaa. Ikiwa Siti Muharam, au binti yeyote wa kisiwa hiki mwenye koo kama lile, atatafuta maneno ya kuimba, na atukute sisi tumekwisha kupika.