Kuirahisisha fasili ya shamba la ngolo

Katika milima ya Wamatengo wilayani Mbinga, mkulima hukata majani, akayalaza kwa mistari yenye kukatana hata yakafanya miraba, kisha akachimba udongo wa katikati na kuyafukia, mpaka mteremko mzima ukajaa mashimo yaliyozungukwa na matuta, yenye kuyazuia maji ya mvua yasiuchukue udongo, ilhali majani yaliyofukiwa yanaoza na kuurutubisha.

Shamba la namna hiyo ndilo ngolo. Natuseme mtu ataka kuiingiza ngolo katika ontolojia, yaani ule mpango wa fasili unaoiongoza grafu ya maarifa. Kwa kuunganisha habari za huku na huku, aghalabu ataandika hivi: ni shamba ambalo si kweli kwamba halina mashimo au halina matuta, na tena lina mashimo na mahindi, au mashimo na maharage.

Kwa kanuni ya De Morgan, kukanusha «halina hili au halina lile» ni sawasawa na kuyathibitisha yote mawili. Basi makanusho matatu huanguka kwa mpigo. Kisha mashimo, yaliyotajwa pande zote mbili za «au», hutolewa nje, na maadamu yamekwisha kutajwa, hayarudiwi. Husalia: mashimo, na matuta, na mahindi au maharage. Maana haikupungua hata chembe.

Tamaa huanzia hapo. OWL 2, lugha ya fasili iliyoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2009, ina tawi liitwalo EL, ambalo hukokotoa upesi hata fasili zikiwa malaki, lakini halikubali «au» wala kanusho. Kwa hiyo mwandishi hushawishika kuyafuta mazao. Mantiki haimpi idhini hiyo, kwa sababu fasili isiyo na mazao ni pana kuliko ya awali. Idhini hutoka shambani: maharage hupandwa yapata mwezi Machi, mahindi yakaja mwishoni mwa mwaka, na katikati ya misimu hiyo shamba halina zao lolote, nalo lingali ngolo. Zao, basi, ni habari ya msimu, na mahali pake ni katika kumbukumbu za msimu.

Badiliko la namna hii ni sahihisho la maana. Wenye kutunga ontolojia na waliandike waziwazi kwa jina hilo, wasilifiche ndani ya hesabu ya kurahisisha, na kabla ya kulipitisha wamsikilize mkulima.