Porsche Iliyoinuliwa na Springi Iliyokatwa

Springi ya gari yenye mapindi sita yanayofanya kazi, fundi akikata moja kwa grainda, haifupiki tu. Inakuwa ngumu kwa asilimia 20, maana kila pindi lilikuwa na mchango wake katika kunyumbuka na sasa yamebaki matano. Shokapu haijui kwamba springi imekatwa. Inashindwa kuituliza, na nafasi yake ya kushuka imeliwa. Tuta la kwanza tu inagota. Dereva husikia "go!" chini ya kiti na kudhani gari limekuwa la mbio.

Nimeanza na springi kwa sababu ndipo wanapoanzia wengi wanaotaka Subaru Impreza ya turbo ikae chini kama zile za picha za Japani. Huku kwetu, kutoka Bukoba kupita Kemondo na Muhutwe hadi Muleba kuna lami, sawa. Lakini nyumbani kwa mzee hakuko kwenye lami. Unakata kona, unaingia kwenye migomba, udongo mwekundu, na mfereji uliochimbwa na mvua. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sampu ya Subaru iko chini kabisa ya injini. Jiwe moja likiipasua, oili yote imemwagika.

Waliotengeneza magari ya kifahari ya mbio kwa udongo wetu walifanya kinyume. Mwaka 1978 Porsche walileta Kenya 911 SC mbili kwa ajili ya Safari Rally. Injini ilikuwa ya lita 3, nguvu kama farasi 250, wala haikuwa na turbo. Kazi kubwa ilikuwa chini: gari lile lililozoea kulamba lami liliinuliwa hadi likawa na sentimita 28 kati ya tumbo na ardhi, likavishwa ngao. Vic Preston Jr alimaliza wa pili, Björn Waldegård wa nne, na ushindi ukaenda kwa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504 Coupé. Kushinda hawakushinda, ila umbo lile liliishi. Mwishoni mwa 2022 Porsche walizindua 911 Dakar iliyoinuliwa, magari 2,500 tu, kwa bei ya kutisha. Kwa hiyo matajiri wa Ulaya walinunua urefu ambao sisi tunaukata kwa grainda.

Kwenye Impreza njia ya bei nafuu inajulikana: shokapu na springi za Forester, nduguye mrefu. Usiishie hapo. Gari likipanda, jointi za shafti za magurudumu hukaa kwa pembe kali zaidi, na mpira wa jointi ukichanika grisi inatoka na vumbi linaingia. Magurudumu nayo hubadili mkao, hivyo alaimenti si ya hiari. Halafu tairi. Ukitoka 205/55 kwenda 215/60 kwenye rimu ya 16, unapata milimita 16 nyingine za kimo, na ubavu mnene unaomeza mawe. Gharama yake iko kwenye spidomita: ikisoma 100, unakwenda karibu 105. Trafiki mwenye tochi hatataka kusikia hesabu hiyo.

Kuhusu nguvu, kumbuka Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo inalipa hasara hiyo moja kwa moja. Ya turbo hujitetea kwa kuizungusha turbo kasi zaidi, na hapo hewa inachemka. Ongeza kwamba Impreza hizi za turbo, Japani, zilipangiwa petroli ya oktani 100 ambayo hapa hutaipata, na una injini inayogonga ukikanyaga mafuta mlimani. Fundi wa kompyuta anayejua kazi yake huanza kwa kurudisha nyuma muda wa cheche na kupunguza presha, sio kuongeza. Mteja hapendi kulipia hilo. Pistoni zinapenda.

Urembo? Mdomo ule juu ya boneti ya WRX, yaani Impreza ya turbo, hauko pale kwa sura. Unaipelekea hewa intakula, kipozeo cha hewa ya turbo, iliyolala chini yake. Kuubandika kwenye Impreza isiyo na turbo ni kuvaa miwani ya macho bila vioo. Spoila iache. Sketi za plastiki za ubavuni zitabaki kwenye mfereji wa kwanza, sina la kuongeza.

Taa kali za ziada ninaziunga mkono, kwa tahadhari moja. Ukiziwasha kijijini usiku wa Novemba, utavuta senene wote wa kitongoji, na usishangae bibi akitoka na ndoo kukuomba usizime.